Mbwa hali, anajikuna, anatoka damu puani: tuanzie wapi hapa Malindi?

Magharibi moja kijana wa jirani alisimama langoni kwangu, mkononi ana noti ya mia mbili. "Shikamoo mjomba. Mbwa wetu hali tangu jana. Nipitie dukani nimchukulie dawa gani?" Nikamuuliza ufizi wake una rangi gani. Akanitazama kama niliyemuuliza habari za mwezini. Tukaenda wote hadi kwao, tukamkuta mbwa amejilaza chini ya mkorosho, nikamwinua mdomo wa juu kwa kidole gumba. Ufizi ulikuwa mweupe kama nyama ya dafu. Ile mia mbili haikwenda dukani. Ilikuwa nauli ya tuktuk kwenda kwa daktari wa mifugo usiku ule ule.

Mimi si daktari. Nimefuga mbwa Malindi miaka mingi, wangu na wa watu waliosafiri, na nimekosea vya kutosha. Nitakwenda kwa dalili kama watu wanavyozileta langoni. Lakini kila dalili inaanza na ukaguzi mmoja, usiozidi dakika tano.

Anza na ufizi. Wa mbwa mzima ni wa waridi na umelowa mate. Ubonyeze kwa kidole uwe mweupe, kisha uachie: rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ikichelewa, damu haizunguki vizuri. Ukiwa mweupe, damu imepungua. Ukiwa wa njano, ini au damu ina tatizo. Ukiwa mwekundu mno na mbwa anahema kwa kasi, fikiria joto. (Mbwa wengine wana ufizi mweusi wa asili. Hao uwatazame ndani ya kope la chini.)

Kisha joto. Kipimajoto cha kawaida cha duka la dawa kinatosha. Kipake mafuta kidogo, kiingie njia ya haja kubwa, subiri kilie. Mbwa mzima ana nyuzi 38 hadi 39.2, kwa hiyo usishtuke ukiona 38.8, ingawa wewe mwenyewe ungekuwa kitandani. Pua kavu si kipimo cha chochote. Mbwa aliyelala juani saa nane mchana ana pua kavu na hana ugonjwa.

La mwisho ni mkojo na kinyesi. Ukifuga kwa kumfungulia usiku na kumfunga asubuhi, hujui chochote kuhusu kinyesi cha mbwa wako, na daktari atakalouliza kwanza ni hilo. Mfuate siku moja uone.

"Amepoa tu, hali, amelala"

Pwani hii, mbwa akipoa ghafla, mshuku kupe kwanza hadi upate sababu nyingine. Kupe wa kahawia wa mbwa anaweza kuishi maisha yake yote ndani ya ua wako bila kuhitaji ng'ombe wala nyasi ndefu. Akishiba anashuka, anapanda ukutani, anajichomeka kwenye ufa wa matumbawe au nyuma ya fremu ya mlango, na jike hutaga mayai kwa maelfu. Baridi yetu haimuui maana baridi yenyewe hatuna.

Kupe huyo huleta magonjwa mawili yanayofanana mwanzoni: homa, kukataa chakula, uchovu, mitoki kuvimba. Yanakuja kutengana baadaye. Ugonjwa wa babesia huvunja chembe nyekundu za damu, kwa hiyo ufizi unapauka na mkojo unakuwa wa rangi ya strungi. Ukiona mkojo huo usisubiri asubuhi. Ule wa pili, erlikia, hukaa ndani ya chembe nyeupe na kupunguza zile chembe zinazogandisha damu, kwa hiyo utaona damu puani, madoa mekundu tumboni kwenye ngozi isiyo na manyoya, au kidonda kidogo kisichokauka.

Erlikia niliijua kwa Simba, mbwa wangu wa pili. Ilikuwa kaskazi, Januari, joto halina huruma. Alipoa siku tatu. Nilikwenda duka moja la dawa za mifugo, muuzaji akanipa sindano za siku tatu bila hata kumwona mbwa. Simba akaamka, akala, nikajisifu. Wiki ya pili nikakuta matone ya damu kwenye saruji ya baraza, nikadhani amekanyaga chupa. Nilikagua miguu yote minne. Nilipomwinua kichwa, damu ikanidondokea kwenye kanzu, inatoka tundu la kushoto la pua. Damu yake ilipopimwa ndipo ikajulikana. Alipewa doksisaiklini siku 28. Siku ya tano alikuwa anarukaruka, na hapo ndipo watu wengi huacha dawa. Kuacha siku ya tano ndiko kunakomrudisha mbwa kwa daktari baada ya miezi, amekonda, damu imekwisha, na uboho wa mifupa umechoka kiasi kwamba dawa ile ile haisaidii tena. Dawa hiyo apewe pamoja na chakula, vinginevyo ataitapika.

Babesia ina dawa yake nyingine kabisa, na mbwa mmoja anaweza kuwa na yote mawili kwa pamoja. Ndiyo maana nasema damu ipimwe. Kipimo ni tone dogo kwenye kioo, chini ya hadubini.

Kumtoa kupe: kibano, umshike karibu kabisa na ngozi, uvute moja kwa moja bila kuzungusha. Usimchome kwa kiberiti, usimmwagie mafuta ya taa, na usimpasue kwa kucha. Mtie kwenye kikopo chenye spiriti. Tazama ndani ya masikio, katikati ya vidole na chini ya mkia, maana wale wa mgongoni ni wachache tu wanaoonekana.

Lakini kutoa kwa mkono hakumalizi kazi, kwani wengi wao hawako juu ya mbwa, wako ukutani. Ziba nyufa kwa saruji, toa magunia ya zamani alipolala, fagia chini ya makuti yaliyolundikwa, puliza dawa inayofaa kwa nyumba, rudia baada ya wiki chache mayai yakishaanguliwa. Na mbwa mwenyewe awe na kinga ya kudumu: kuna vidonge vya kutafuna vya mwezi mmoja na vya miezi mitatu, kuna kola, kuna dawa ya kudondoshea shingoni. Bei yake inauma, ila iko chini ya bei ya kutibu.

Dawa ya josho la ng'ombe ninaiona sana mitaani, mtu anakisia kifuniko kimoja kwa ndoo. Imetiwa nguvu kwa ng'ombe, na mbwa hujilamba baada ya kuoga. Nimeona mmoja akitetemeka na kuanguka baada ya kuogeshwa hivyo. Tena tahadhari kwa nyumba zenye paka, na Malindi ni nyumba ngapi hazina paka: dawa za mbwa zenye permethrini humuua paka. Usimpake paka "kidogo tu".

"Anajikuna mpaka anatoa manyoya"

Tazama mahali anapokuna. Kiunoni na mzizi wa mkia ni viroboto. Chana manyoya juu ya karatasi nyeupe iliyolowa. Vumbi jeusi likigeuka jekundu, hicho ni kinyesi chao, damu iliyokauka. Ncha za masikio, viwiko na visigino, huku ngozi ikiwa nene yenye magamba, ni upele wa utitiri, na ukianza kujikuna wewe na watoto pia, usitafute uthibitisho mwingine. Duara lisilo na manyoya bila kujikuna sana huenda ni mapunye, nayo huambukiza watu. Kidonda kibichi, chenye majimaji, kilichotokea kwa siku moja baada ya kuoga baharini ni chumvi na unyevu vilivyobaki chini ya manyoya. Mbwa anayeogelea aoshwe kwa maji baridi ya bomba au kisima akirudi, na akaushwe masikio.

Oili chafu ya gari! Sijui nani alituanzishia, lakini kila mtaa una fundi anayemwambia mtu ampake mbwa mwenye upele oili ya injini. Oili ile ina metali na sumu, inapenya kwenye ngozi iliyochubuka, na mbwa anaimeza anapojilamba. Upele una dawa nzuri siku hizi, baadhi ni vidonge vile vile vya kupe. Na sindano ya ivamektini ya ng'ombe usimchome mwenyewe: mbwa wa jamii ya koli, wale wa kuchunga kondoo, hawaistahimili, wanaweza kufa kwa dozi ambayo mbwa koko haimshughulishi, na machotara wengi mjini hatujui babu yao alikuwa nani.

Uvimbe mdogo kama jipu wenye tundu katikati, ukitazama vizuri unapumua: huyo ni buu wa nzi wa mwembe. Nzi hutaga kwenye mchanga wenye kivuli au kwenye nguo zilizoanikwa mbichi. Ziba tundu kwa mafuta mazito ya kujipaka, subiri buu atokeze kutafuta hewa, kisha mtoe mzima kwa kibano. Akikatikia ndani, panavimba.

"Anachechemea, analamba nyayo"

Geuza mguu utazame. Nusu ya kesi nilizoona ni mwiba, kigae cha chupa au mwamba wa ufuoni. Nyingine ni funza. Mbwa anayelala kwenye mchanga mkavu wa uani, hasa huku Ganda na mashambani, huwabeba kwenye vitako vya nyayo: doa jeupe lenye nukta nyeusi katikati. Kumtibu mbwa peke yake ni kupoteza muda kama watoto wanatembea peku kwenye ua ule ule. Tibu wote, mwagia ua maji, sakafu ya udongo ipigwe dawa au isakafiwe.

Akichechemea mguu huu leo na ule kesho, rudi kwenye kupe. Magonjwa yake huuma viungo.

Usimpe kidonge cha maumivu cha watu. Ibuprofeni hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo, na Panadol huumiza ini lake.

"Anahema sana, anayumba"

Hii haina muda wa kusoma, kwa hiyo isome leo. Kuanzia Desemba hadi Machi, na unyevu wetu huu, mbwa hapoi vizuri kwa kuhema. Wanaoangukia hapa ni wale wanene, wenye pua fupi, na German Shepherd waliofungwa mnyororo mbele ya jumba kule Casuarina, banda lao la mabati limeelekea magharibi. Dalili: ulimi umetoka wote na umepanuka, mate mazito, ufizi mwekundu kama tofali, kisha kutapika, kuyumba, kuanguka. Kipimajoto kikisoma zaidi ya 40 mshughulikie papo hapo. Zaidi ya 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika.

Mpoze kwanza, safari baadaye. Kivulini, mmwagie maji mwili mzima, hasa tumbo na mapaja, na umpepee kwa feni, upepeo au sahani, chochote. Maji yakimwagika na upepo ukipita ndipo joto linatoka. Usimfunike taulo lililolowa ukaliacha, litapata joto na kumfungia humo humo. Usimlazimishe kunywa. Joto likishuka hadi 39.5 acha kumwagia, umpeleke kwa daktari hata kama amesimama, maana figo na damu huweza kuharibika kesho yake.

Matembezi yawe baada ya swala ya alfajiri au jua likishaanguka. Kabla ya kutoka weka mgongo wa kiganja kwenye lami kwa sekunde saba. Ukishindwa wewe, yeye pia atashindwa.

"Anatapika, anaharisha"

Umri kwanza. Mtoto wa mbwa asiye na chanjo, ameanza kwa kutapika, kisha kuharisha damu yenye harufu usiyoisahau: hiyo ni parvo, ugonjwa wa virusi, mpaka kipimo kikatae. Haisubiri siku mbili. Anayekufa hufa kwa kukosa maji, na kinachomwokoa ni dripu, si dawa ya kienyeji wala soda. Virusi hivyo hukaa ardhini miezi mingi, kwa hiyo mbwa akifa kwa parvo usilete mtoto mwingine wa mbwa uani hapo kesho kutwa. Osha sakafu kwanza kwa sabuni, halafu Jik, kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji. Kwenye mchanga haifanyi kazi vizuri, hapo utategemea jua na muda. Chanjo huanza wiki ya sita hadi ya nane, hurudiwa kila wiki mbili hadi nne mpaka afike wiki 16. Dozi moja si chanjo kamili, hata kama muuzaji wa mtoto wa mbwa anakuapia.

Mbwa mkubwa aliyetapika mara moja, ufizi wa waridi, anacheza: mwache bila chakula saa chache, maji kidogo kidogo, kisha wali laini na kuku asiye na mifupa. Kama anatapika mfululizo, tumbo limekaza, hajapata choo, fikiria kokwa la embe. Msimu wa maembe ndio msimu wa kokwa kukwama utumbo, na hilo ni la upasuaji. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo hupasuka vipande vyenye ncha.

Halafu kuna ufuo. Anayepita na mbwa bila kamba bandarini au kule Mayungu wakati wavuvi wanachambua nyavu amkataze kabisa kugusa bunju, yule samaki anayejivimbisha, aliyetupwa mchangani. Sumu ya bunju haitoki kwa kukauka wala kwa kupikwa, haina dawa ya kuipinga, na humpooza mbwa hadi pumzi. Maji ya bahari nayo: mbwa anayefukuza mpira majini saa nzima humeza chumvi nyingi, akaharisha, akatetemeka. Beba chupa ya maji matamu.

Mate mengi ghafla, misuli ikichezacheza, mboni ndogo kama ncha ya sindano, hasa asubuhi baada ya usiku ambao nyumba ya jirani iliibiwa: hiyo ni nyama yenye sumu ambayo wezi waliitupa juu ya ukuta. Usimimine maziwa wala mafuta ya kupikia mdomoni, yataingia mapafuni. Okota kilichobaki, kitie mfukoni, nenda nacho. Sumu ya panya ni tofauti, mbwa hukaa sawa siku mbili tatu kisha anavuja damu ndani kwa ndani. Ukimwona ameila, usingoje dalili.

"Anakula lakini anakonda"

Minyoo, au ugali mtupu. Mara nyingi vyote viwili. Mtoto wa mbwa apewe dawa ya minyoo tangu wiki ya pili, kila wiki mbili hadi ya nane, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Mkubwa kila miezi mitatu. Safura za mbwa hunyonya damu, na viluwiluwi vyake vikiwa kwenye mchanga uliochafuliwa huingia ngozi ya mtu na kuchora njia nyekundu inayowasha. Okota kinyesi cha mbwa wako ufuoni. Ugali ni sawa kama msingi, lakini uende na dagaa, matumbo, mayai au vichwa vya samaki vilivyochemshwa na kutolewa miiba. Vitunguu, chokoleti na zabibu kavu za pilau ya sikukuu viwekwe mbali.

Akikohoa na kuchoka upesi, mtaje daktari minyoo ya moyo. Huletwa na mbu, na pwani yetu haijapungukiwa mbu. 

"Amebadilika tabia"

Mbwa mpole ameanza kuuma hewa, au mkali ameanza kujificha, sauti imebadilika, taya limelegea, mate yanadondoka kama ana mfupa kooni. Huenda ni kichaa cha mbwa, kwa hiyo usitie mkono mdomoni kutafuta huo mfupa. Mfungie mahali peke yake, mwite afisa mifugo. Aliyeumwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, saa mkononi, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa mtu hakuna tiba. Chanjo ya mbwa ni miezi mitatu ya umri, kisha kila mwaka, na Kenya imejiwekea 2030 kuwa mwaka wa kumaliza vifo vya watu kwa ugonjwa huu.

Jicho lililofumba ghafla, limevimba, mbwa akilisugua mchangani baada ya kubweka kwenye ua: swila amemtemea. Maji mengi safi, robo saa, bila kusita, kisha daktari.

Tabia nyingine hazina ugonjwa. Mbwa wangu wa sasa huomboleza pamoja na adhana ya alfajiri, na jirani yangu, mzee wa watu, alinivumilia wiki mbili kabla ya kuja kuniambia kwa upole. Nilimhamishia chumba cha nyuma usiku na kumpa mfupa mbichi dakika chache kabla ya adhana. Amenyamaza. Mate ya mbwa ni najisi kwa majirani wengi wetu, na kuoshwa mara saba si jambo dogo kwa mtu anayeelekea msikitini, kwa hiyo kamba fupi, na Ijumaa mchana tunapita njia ya nyuma.

Mwisho, usafiri, maana ndiko watu wanakokwama. Tuktuk nyingi hazipendi kubeba mbwa. Mwambie dereva kwa simu kabla hajaja, usimshtukize. Njoo na gunia safi la kutandika, mbwa amefungwa mdomo kwa kitambaa laini kama ana maumivu (isipokuwa anahema au anatapika), wewe ingia kwanza, kisha yeye aje miguuni pako. Ongeza hamsini. Kijana wa jirani sasa ana namba ya dereva wake mmoja, na gunia liko nyuma ya mlango.